Raia wa Kijiji cha Ikubila

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua tangu Ijumaa. Naandika nyuma ya daftari la Marie la mwaka jana, ameniachia kurasa zilizobaki. Kuna jambo siwezi kumwambia mtu, na likikaa kichwani tu nitakosea kazini niangukiwe na bloku.

Barua imekuja. Marie amefaulu mtihani wa sekondari ya wasichana, na kuna wafadhili watakaomsomesha mpaka amalize. Wanataka kitu kimoja: namba ya paspoti au ya kitambulisho cha nchi yake, kabla shule hazijafungwa tarehe 11 Desemba. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa kwa mkono na hakina namba. Barua nimeisoma mara mbili mwenyewe, na mara ya tatu akanisomea yeye, maana Kiingereza changu ni cha kubebea zege.

Halafu akafungua kazi yake ya shule. Wamefundishwa uraia: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa kuomba. Kila mtoto aandike wake na aeleze ameupataje. Akaniuliza, "Papa, sisi ni raia wa wapi?" Nikamwambia ale kwanza, wali unapoa. Akala. Hakuuliza tena, na hilo ndilo lililoniuma.

Niandike kweli. Mimi ni Ezekieli Mwaisumo, mzaliwa wa Rungwe, Tanzania, niliyeacha shule darasa la tano. Hapa Durban hakuna anayenijua kwa jina hilo. Karatasi yangu ya ukimbizi inasema mimi ni Alain Byamungu, Mkongo niliyekimbia vita. Miaka kumi na mitano iliyopita tulikuwa Watanzania kadhaa tuliofanya hivyo, kwa sababu mtu wa nchi yenye amani hana cha kueleza dirishani pa ofisi ya wakimbizi. Unatafuta Mkongo mwema, anakufundisha kwao, unakwenda kujieleza kama mtu wa kwao. Mama yake Marie, Laurette, alikuwa Mkongo wa kweli, lakini alitoka kwao akiwa amebebwa mgongoni na hakuwa na karatasi ya huko hata moja. Huu ni mwaka wa sita tangu afariki. Marie ameandikishwa mtoto wa Alain, na Alain hayumo katika daftari lolote la Kongo wala la Tanzania. Mtoto wangu ana miaka kumi na miwili, na kwa karatasi baba yake ni mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Fomani, msimamizi wetu, ameturudisha saa tatu. Nimerudi nyumbani Cato Manor kwa miguu.

Jumapili, 13 Oktoba

Baada ya kanisa tumekwenda mjini, saluni kwa Félicité. Yeye, ambaye Marie humwita Tantine, yaani shangazi, ndiye anayekaa naye akitoka shule mpaka mimi nitoke kazini. Kwao Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu wa uraia miaka tisa, na akiona daftari mikono inamwasha. Marie alikuwa na orodha ya aina za serikali ya kukariri: ya mfalme, ya mtu mmoja mwenye mabavu, ya wachache wenye mali, ya watu wote. Félicité akasema mambo hayo hayakaririwi, yanatafutwa. Akamwuliza uani kwetu kuna serikali gani.

Marie akafikiri. Akasema mama mwenye nyumba ni malkia, kwa sababu hakuna aliyemchagua, na akifa mwanawe ndiye atakayetufokea.

"Na kwa bomba ya maji?"

"Kwa bomba ni demokrasia, Tantine. Tunapiga kura nani aanze."

"Bon. Na baba yako kule kwa kazi?"

"Papa ni raia bila kura."

Wateja wawili waliokuwa wanasukwa wakacheka. Nami nilicheka, nikachelewa kidogo.

Kiti alichokalia Marie ndicho nilichokalia mimi wakati Félicité ananifundisha kuwa Mkongo. Siku saba. Mwami, yaani chifu, wa kwao ni nani, soko ni siku gani, kilima kipi kiko nyuma ya kanisa, mto unavukwa wapi wakati wa mvua. Nikikosea alinigonga kwa kitana. Kisha tukaenda wote kituo cha polisi akaapa, kwa ile hati ya kiapo ambayo hapa kila mtu anaiita afidaviti, kwamba mimi ni binamu yake, mtoto wa shangazi yake. Hakuniomba chochote. Kwa miaka yote nimekuwa nikimwona mwanamke mgumu, anayependa kusahihisha watu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mtaro wa msingi umebomoka tena. Tunajenga ukuta wa kuzuia udongo nyuma ya nyumba ya matajiri huko Morningside, na kilima hakitaki. Tulichochimba siku nne kimejaa matope. Tumeanza upya.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kwa Goodluck. Ana duka la simu mjini na ni katibu wa chama chetu cha Watanzania, ingawa mimi sijawahi kukanyaga mkutano wao. Ananijua kama Alain, mteja. Nilisubiri dukani mpaka tukabaki wawili tu, nikamwambia jina langu.

Alinitazama kama mtu aliyeuziwa simu ya bandia. Akaniambia niseme tena, taratibu. Nikasema, nikaeleza na ya Marie. Nilipomaliza akaanza kucheka, si kwa ubaya.

"Kaka, umesema 'iko' mara nne. Umesema 'batoto'. Mimi nikikupeleka mbele ya watu wa ubalozi watasema nimewaletea Mkongo anayetaka paspoti yetu."

Nikamwambia ndivyo ninavyoongea sasa. Naongea hivyo hata nikiota. Akaacha kucheka. Akaeleza kuwa maofisa wa ubalozi watashuka kutoka Pretoria Jumamosi ya tarehe 23 Novemba, watakaa siku moja kwenye ukumbi, halafu basi mpaka mwakani. Nikithibitika, Marie anapata uraia kwa kurithi, kupitia kwangu. Lakini bila barua ya kijiji yenye mhuri nisije, nitawapotezea muda. Akasema pia niandike kila ninachokumbuka cha nyumbani, wataniuliza.

Jumatatu, 21 Oktoba

Ninachokumbuka. Kitongoji cha Isumba, kijiji cha Ikubila. Migomba mpaka mlangoni. Baridi ya mwezi wa sita, inayofanya mikono isishike penseli. Darasa la nne tulifundishwa uraia na mwalimu aliyekuwa akiuliza huku akipita nyuma yetu: kiongozi wa kitongoji ni nani, wa kijiji ni nani, wa kata, wa wilaya. Tulijibu kwa pamoja, na mimi nilikuwa nachezesha mdomo tu. Aliwahi kusema kijiji nacho ni serikali kamili, kwamba wakikutana watu wazima wote hakuna aliye juu yao pale kijijini, hata mwenyekiti. Nilimwona anatania. Mwenyekiti wa wakati ule alikuwa na pikipiki, sisi hatukuwa nayo.

Vilima vya Félicité nakumbuka vyote kwa majina. Vya kwetu, viwili.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mvua. Mgongo.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimempigia dada yangu Atupele. Hatujaongea tangu baba afariki, miaka minne. Akaanza kwa kuuliza nani amekufa. Nikasema hakuna. Akauliza kama basi nimefungwa. Nikasema sijafungwa. "Sasa unanipigia kwa nini, kaka?" Nikaeleza. Hakujua hata kwamba nina mtoto. Akanitaka nimtaje, nikamtaja, akalirudia jina mara mbili kama anayejaribu kiatu. Kesho atakwenda ofisi ya kijiji.

Ijumaa, 1 Novemba

Leo nimemwambia Félicité mpango wangu. Nilijua ni lazima, kwa sababu nikirudi kuwa Ezekieli kuna mtu aliyeapa kwamba Ezekieli ni Alain, na sahihi ni yake.

Alizima mashine ya kukaushia nywele, akamwambia Marie akanunue mkate. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunisahihisha neno, na hilo halijawahi kutokea. Kisha akaniambia karatasi yake ya ukimbizi inakwisha Januari, na dirishani watafungua faili lake lote, na ndani ya faili iko ile hati ya kiapo.

"Wewe uko na nchi, Alain. Unaweza kurudi, utakuta dada, utakuta ndizi. Mimi wakinifukuza, ninarudi kwa nani? Barabara yetu nzima ilichomwa. Unataka kunitoa mimi ili wewe uingie."

Nikasema ni kwa ajili ya mtoto. Akasema kila mtu anayekuja kumdhulumu mwenzake anakuja na mtoto mkononi.

Marie aliporudi na mkate, Félicité alimpa begi lake, na sweta lake linalokaa pale siku zote, na kalamu zake za rangi. Akatufungulia mlango. Kwenye roboti ya kwanza, hizi taa za barabarani, Marie akauliza amekosa nini.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimekasirika. Mwanamke huyu alipenda kuwa na mtu wa kumfundisha, basi. Alinipenda nikiwa mwanafunzi wake na binamu yake wa uongo, na sasa nikitaka kuwa mtu wa kweli ananigeuka. Naandika hivi nikijua si haki.

Jumanne, 5 Novemba

Marie anakaa peke yake chumbani baada ya shule, mlango umefungwa kwa ndani. Nikichelewa kwenye teksi, nikishuka nakimbia mpaka mlangoni.

Atupele amepiga. Mtendaji wa kijiji anaitwa Tito, kijana wa juzi, si wa kwetu. Ameangalia daftari la wakazi, simo. Daftari lenyewe lilifunguliwa upya baada ya mimi kuondoka. Atupele akamwambia huyu ni kaka yangu, tumbo moja. Tito akasema dada ni shahidi wa upande mmoja, kila anayetafuta paspoti ana dada. Hatii sahihi kwa mtu ambaye hajamwona. Ila kuna mkutano mkuu wa kijiji Jumamosi, na wananchi wakinitambua, yeye ataandika walichosema na kugonga mhuri.

Nikamwuliza Atupele nani pale bado ananikumbuka. Akasema, "Tutaona Jumamosi."

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike yote leo, hata mkono ukiuma.

Tuliacha kazi saa sita. Wenzangu wakaenda, mimi nikakaa chini ya baraza la ile nyumba, juu ya mifuko ya saruji iliyofunikwa nailoni, mvua ikigonga bati. Atupele aliniweka hewani akaishika simu juu, ili nisikie. Nilisikia upepo, watoto, kiti kikiburutwa. Halafu mwenyekiti akafungua mkutano.

Walianza na bomba la maji, karibu saa nzima, nani alilikata na nani alimwona. Kisha choo cha zahanati. Mimi nilikuwa kwenye mengineyo, pale mwisho, watu wanapoanza kukusanya kanga zao na kuangalia mawingu. Nilikuwa naombea chaji ya simu isiishe.

Tito akasoma. Kuna mtu yuko Afrika Kusini, anajiita Ezekieli Mwaisumo, anaomba kijiji kithibitishe kwamba ni mzaliwa wa hapa. Mzee mmoja akasema huku karibu na mipaka watu wanaazima majina kama majembe, na Mwaisumo marehemu hawezi kufufuka kusema huyu ni wangu au si wangu. Akauliza huyo mtu alikuwa wapi wakati baba yake anazikwa. Nami nilikuwa sauti tu ndani ya simu ya dada yangu. Mimi, tena, ambaye nimetembea na jina la kuazima miaka kumi na mitano.

Watu wakaanza kunong'ona. Nikasikia mwingine akisema mvua inakuja, tufunge.

Ndipo akasimama mwanamke. Nilimjua kabla Atupele hajaninong'oneza: Bibi Doris, aliyekuwa jirani yetu.

"Mimi namjua," akasema, "na sina jema la kumsemea. Mwaka ule wa kuchoma matofali ya darasa, zamu ya kulisha tanuri kuni ilikuwa yangu na yake. Nikafika, hayupo. Kumbe amepanda lori asubuhi ile ile, hakuaga mtu. Baba yake akaja akakaa zamu ya mwanawe, na kesho yake akakaa ya kwake mwenyewe, na ile mvua ilivyokuwa. Muulizeni kama anayajua hayo."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Sauti ya mwanamume ikasema, "Basi ndiye. Huyo ndiye."

Mwenyekiti akauliza kama daftari la msaragambo la mwaka ule lipo. Msaragambo ndiyo ile kazi ya pamoja, kila mtu mzima na zamu yake, na asiyefika anaandikwa. Tito akaenda ofisini kulitafuta. Alikawia. Atupele anasema hakuna aliyeondoka, hata wale waliokuwa wameshakunja kanga. Aliporudi akasoma kwa sauti: "Ezekieli Mwaisumo, Isumba, miaka ishirini na miwili. Zamu ya tanuri. Hakufika. Amehama bila kutoa taarifa."

Mwenyekiti akasema, "Ndugu wananchi, mgeni hatukuwahi kumpa zamu. Huyu tulimpa. Wanaokubali kwamba ni wa kwetu wanyooshe mikono."

Sikuona kitu. Nilisikia tu mvua, sijui ya kwao au ya kwangu. Kisha Atupele akasema, karibu kabisa na simu, "Wamenyoosha, kaka. Hata Bibi Doris. Ila wake ndio umeshuka wa kwanza."

Sikujua habari ya baba. Alinipigia simu kadhaa miaka ile ya kwanza, na hakutaja tanuri hata mara moja. Aliuliza kama nakula vizuri.

Jumanne, 12 Novemba

Mvua. Bloku mia mbili kupandisha kilima kwa toroli. Nimefikiria zamu mbili mfululizo za baba, na umri wake.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikuwa nafua. Félicité akatokea uani na mwavuli, viatu vimejaa matope ya Cato Manor, yeye ambaye hapendi kabisa kuja huku. Marie alimkimbilia. Félicité akamshika kichwa, akamkagua nywele, akasema nani amekuharibu hivi. Ni mimi niliyemsuka.

Alipokaa nikamwambia nimeshapanga: nitasema nilimdanganya, kwamba alinipa kiapo akiamini kweli mimi ni binamu yake. Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo kwa siku kadhaa, niliyaona mazuri.

Akakataa. Akasema uongo wa pili utahitaji wa tatu, na yeye amechoka kukumbuka.

"Nilifundisha uraia miaka kenda. Nilikuwa ninaambia batoto, raia hasemi uongo mbele ya serikali yake. Waliandika kwa madaftari. Kisha watu wenye nguo za serikali walikuja kwa barabara yetu. Nilipofika hapa nilisema, sasa nami sidaiwi ukweli na serikali yoyote. Ndiyo nilikufundisha. Sikufanya kwa huruma, Alain. Nilifanya kwa hasira."

Marie alikuwa anasikiliza, na tulimwacha asikilize. Félicité akasema niandike kwamba alijua. Naye ataandika kwa nini. Wakimwita Januari atawaambia kweli yote, ya uongo aliouapa na ya barabara iliyochomwa, kwa sababu ile ya barabara ni kweli na bado inatosha. Au haitatosha.

Alipoondoka akaniambia mtoto arudi saluni Jumatatu.

Nilimwandika vibaya ukurasa ule. Sitauchana, ukae.

Jumamosi, 23 Novemba

Ukumbi ulijaa. Wanafunzi wa chuo, wafanyabiashara, mama mmoja na mapacha. Goodluck alivaa tai na alikuwa anapanga foleni kama askari. Tulifika saa moja, tukaitwa saa saba.

Ofisa anaitwa Rhoda, mwanamke wa makamo, miwani kwenye kamba. Alisoma muhtasari wa mkutano wa kijiji, wenye mhuri, na picha ya ukurasa wa daftari la msaragambo ambayo Tito aliituma. Akaniuliza kitongoji, kijiji, shule, mwalimu mkuu. Nilijibu. Katikati akanyanyua macho.

"Ndugu, unaongea kama mtu wa Bukavu."

"Nimeongea hivyo miaka kumi na mitano, mama, kwa makusudi. Sasa siwezi kuacha."

Nikampa maelezo niliyoandika, ya Alain, ya kiapo, ya Marie. Aliyasoma polepole. Kisha akarudi kwenye ile picha ya daftari, akaigonga kwa kalamu.

"Kwa nini hukufika kwenye zamu?"

Maswali yote nilikuwa nimejiandaa nayo isipokuwa hilo. Nikamwambia sina jibu zuri. Lori lilikuwa linaondoka asubuhi ile, na niliogopa nikilikosa sitaondoka tena. Akaandika hivyo hivyo nilivyosema.

Akanieleza taratibu, kama anayejua mtu ameishia darasa la tano. Mimi ni raia kwa kuzaliwa. Marie ni raia kwa kurithi kutoka kwangu, atapata paspoti yenye namba. Lakini ubalozi hauwezi kumtambua Ezekieli hapa mezani na kumwacha Alain akitembea barabarani. Karatasi ya ukimbizi niirudishe kwa serikali ya hapa, na maelezo ya kweli. Ubalozi utanipa hati ya safari moja, ya kwenda. Ya kurudi hakuna. Marie, kwa barua ya wafadhili, anaweza kuombewa kibali cha kubaki akisoma. Akaniuliza kama nimeelewa, na kama nina uhakika, na akanipa muda.

Nikageuka kumtazama Marie. Alikuwa kwenye benchi nyuma, amemkalisha pacha mmoja wa yule mama mapajani, anamfundisha kuhesabu vidole kwa Kizulu.

Nikasema nina uhakika.

Baadaye wakaanza kuita watoto kupigwa picha. "Marie Ezekieli Mwaisumo." Hakusimama mtu. Goodluck akaita tena, kwa sauti ya juu zaidi. Marie alikuwa anaangalia mlangoni kama wengine wote, aone huyo mtoto ni nani. Hajawahi kulisikia jina lake, na ni mimi ninayelijua. Nilikwenda nikamgusa bega.

Jumatatu, 25 Novemba

Kituo cha polisi, mimi na Félicité. Hati mbili za kiapo, yake na yangu. Ameandika kurasa nne. Tulisubiri saa mbili, yeye amezishika kifuani ndani ya mfuko wa plastiki. Askari aliyekuwa zamu, mama wa Kizulu mchovu kama mimi, alituuliza kama tunaapa kuwa ni kweli. Tukaapa. Akagonga mhuri kila ukurasa na kusaini. Hakusoma hata mstari mmoja.

Nje Félicité akasema, "Ile ya kwanza pia hakuna aliyeisoma." Tukasimama pale mvuani bila kujua kama tucheke.

Jumamosi, 30 Novemba

Mvua.

Jumatano, 4 Desemba

Nimerudisha karatasi ya Alain. Wamenipa nyingine: niwe nimeondoka nchini kabla ya tarehe 20. Félicité ameandikiwa afike tarehe 14 Januari, faili lake litafunguliwa. Nilipomwambia samahani akaniambia nishike ubao wa mlango wa saluni, umelegea, anataka kupiga misumari. Nikaushika.

Ukuta wa Morningside umemalizika jana. Umesimama. Fomani aliniita Alain kwa mara ya mwisho na sikumsahihisha.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwuliza Marie kama anataka kuja nami. Nilimwuliza vizuri, nikimweleza migomba, shangazi, baridi. Akasema atakuja likizo, akimaliza mwaka wa kwanza. Kisha akauliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Atakaa kwa Félicité, na Januari ikiwa mbaya, Goodluck na mkewe wameahidi kumchukua. Sikumtegemea Goodluck, lakini alikuja mwenyewe kusema hivyo, bila tai.

Jumanne, 10 Desemba

Paspoti ya Marie imefika, siku moja kabla ya shule kufungwa. Ameinusa kwanza, halafu akafungua picha yake na kusema ametoka kama mwizi.

Tumekaa naye mezani kujaza fomu ya shule. Namba ameinakili akiihakikisha mara tatu. Penye uraia akaandika Mtanzania, akanyanyua kalamu, akasema, "Lakini sijawahi kufika." Nikamwambia ni kweli, na ni Mtanzania vile vile. Penye jina la baba akaandika Ezekieli Mwaisumo bila kuniuliza herufi.

Mstari uliofuata ulikuwa anwani ya baba. Akaanza kuandika Cato Manor, akasita, akanitazama. Basi langu ni kesho kutwa. Nikamtajia, akaandika: kitongoji cha Isumba, kijiji cha Ikubila, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Nafasi haikutosha, akamalizia pembeni kwa herufi ndogo. Akauliza barua zikitumwa huko zinafika kwa nani. Nikasema zinafika kwa mtendaji, na mtendaji sasa ananijua.

Akaupuliza wino ukauke, akaweka fomu kwenye begi.